Anayekwenda Quanzhou Alale Quanzhou

Mtu akiuliza alale wapi atakapotembelea Quanzhou, mji wa kale wa bandari katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, hupewa majibu yale yale: lala Xiamen, lala karibu na stesheni, lala mtaa wa Xijie. Wanaoyatoa wana nia njema, lakini wengi wao waliupita mji huo mbiombio. Nayapinga kwa sababu mji wenyewe unatuhusu sisi watu wa pwani. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza pia habari za Zaitun, jina walilotumia Waarabu kuiita Quanzhou, na akaihesabu bandari yake kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na maeneo yake 22 ya zama za Song na Yuan.

Msimamo wangu ni huu: mgeni alale ndani ya mji wa kale, usiku usiopungua miwili, katika kichochoro kilichotulia. Nitayapitia madai yanayopinga hilo moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Quanzhou ni ya siku moja. Lala Xiamen, uende na kurudi."

Ni kweli kwamba treni ya mwendokasi kutoka Xiamen haichukui muda mrefu, nusu saa hivi. Kinachosahaulika ni muda wa kufika stesheni, kukaguliwa mizigo, kusubiri, kisha kusafiri tena kutoka stesheni ya Quanzhou hadi mji wa kale. Ukifanya hivyo asubuhi na jioni, saa kadhaa za siku yako zimekwisha barabarani.

Halafu maeneo yale 22 hayakurundikwa mahali pamoja. Daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059, liko nje ya mji upande wa kaskazini-mashariki. Daraja la Anping, la karne ya 12, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, liko Anhai, kusini kabisa. Tanuri za kauri za Dehua ziko milimani. Anayekuja kwa siku moja huishia kuona hekalu la Kaiyuan, kula kidogo na kuondoka.

Isitoshe, baadhi ya mambo hayaendi kwa saa ya mgeni. Waliojenga daraja la Luoyang walipanda chaza kwenye misingi ili maganda yao yayagandamanishe mawe. Maji yakikupwa ndipo unapoiona vizuri misingi hiyo, iliyochongwa kama omo ya jahazi ili ipasue mkondo. Maji yakijaa, sehemu kubwa inafichika. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba bahari haimsubiri mwenye tiketi ya treni ya saa kumi. Ukilala palepale mjini, unatazama ratiba ya maji na kupanga siku yako.

Dai la pili: "Lala karibu na stesheni, ni rahisi kusafiri."

Ushauri huu unafaa katika miji ambayo stesheni iko katikati. Stesheni za treni za mwendokasi China mara nyingi hujengwa pembezoni, kwenye ardhi tupu, na Quanzhou ni hivyo. Stesheni ya Quanzhou, iliyofunguliwa 2010, iko kaskazini, mbali na mji wa kale. Stesheni ya Quanzhou Mashariki, iliyokuja na reli mpya ya Fuzhou hadi Xiamen mwaka 2023, iko upande mwingine kabisa. Uwanja wa ndege uko kusini, Jinjiang, ng'ambo ya mto. Mji hauna treni ya chini ya ardhi, kwa hiyo utategemea basi au teksi.

Anayelala karibu na stesheni amerahisisha safari mbili tu, ya kuja na ya kuondoka, na amezitatiza nyingine zote. Jirani zake watakuwa barabara pana na maghorofa. Kabla ya kukata tiketi angalia jina kamili la stesheni, kisha uingie mjini kwa teksi mara moja na kutoka mara moja.

Dai la tatu: "Mji wa kale ni Xijie. Chukua chumba kinachotazama mtaa."

Hapa ndipo wengi waliokwisha kuamua vizuri wanapoharibu. Xijie ni mtaa wa kale kweli. Pembeni yake kuna Kaiyuan, hekalu lililoanzishwa mwaka 686, lenye minara miwili ya mawe ya karne ya 13, mmoja ukiwa na urefu wa karibu mita 48. Ndani ya ua wake huhifadhiwa jahazi la enzi za Song lililofukuliwa Houzhu mwaka 1974, likiwa na shehena ya pilipili manga, ubani na miti ya manukato. Hakuna anayepaswa kulikosa. Lakini mtaa huo ndio unaobeba umati wote wa watalii, na kelele zake huingia hadi usiku kwenye chumba chenye dirisha la mbele.

Na mji wa kale hauishii hapo. Ukishuka barabara ya Zhongshan yenye maduka ya baraza, kwa nusu saa hivi ya miguu unafika barabara ya Tumen. Kuna msikiti wa Qingjing, ambao maandishi yake ya Kiarabu yanautaja mwaka 400 wa Hijria, sawa na 1009 au 1010. Ukumbi wake wa kale hauna paa, ila kuta za mawe bado zimesimama. Hatua chache kutoka hapo kuna hekalu la Guan Yu linalofuka moshi wa udi, na halafu hekalu la Confucius. Kusini zaidi kuna hekalu la Mazu, mungu wa kike wa mabaharia, lililoanzishwa 1196. Eneo la kati, baina ya Zhongshan na Tumen, linakuweka karibu na pande zote. Tafuta kichochoro kilicho ndani kidogo. Utaufikia mtaa kwa dakika tano, na usiku utalala.

Dai la nne: "Nyumba ndogo za wageni haziruhusiwi kupokea wageni wa nje. Chukua hoteli kubwa tu."

Dai hili lina historia. Kwa miaka mingi nyumba nyingi ndogo ziliwarudisha wageni mlangoni kwa kisingizio cha kukosa kibali. Mwaka 2024 serikali kuu ya China ilitamka wazi kwamba hoteli zisiwakatae wageni wa nje kwa sababu hiyo. Tatizo lililobaki ni la utendaji: mwenye nyumba ndogo huenda hajawahi kusajili pasipoti na anaogopa kukosea.

Dawa yake ni ujumbe mmoja kabla ya kulipa. Mwulize mwenye nyumba kwa Kichina, kwa msaada wa programu ya kutafsiri, kama ameshawahi kusajili mgeni mwenye pasipoti, na ulihifadhi jibu lake. Akisitasita, tafuta kwingine.

Suala la usajili linawahusu pia vijana wetu wenye marafiki wanaosoma kule. Hoteli hukusajili yenyewe, lakini ukilala nyumbani kwa mtu, sheria inakutaka ujiandikishe kituo cha polisi ndani ya saa 24. Kulala bure bila kujiandikisha kunaweza kukuingiza wewe na mwenyeji wako matatani.

Dai la tano: "Nyumba za kale ni za picha tu. Ndani ni unyevu na tabu."

Tabu zipo. Miezi ya Machi hadi Mei hewa ya Fujian hujaa unyevu hadi kuta hutoka jasho. Nyumba za matofali mekundu zina kuta za ndani za mbao zinazopitisha sauti, na vichochoro vingi havipitiki kwa gari, kwa hiyo sanduku utalivuta mwenyewe. Vyumba vingine vya bei nafuu havina dirisha kabisa.

Hizo ni sababu za kuchagua chumba kwa makini, na zote unaweza kuziuliza mapema. Omba ghorofa ya juu badala ya chini, dirisha linalofunguka, na mahali teksi inaposimama. Wasiotaka tabu hiyo hata kidogo watapata hoteli za kawaida ndani ya mji wa kale huo huo. Ukipanga safari yako, epuka wiki ya tarehe 1 Oktoba na Mwaka Mpya wa Kichina, maana bei hupanda na mitaa husongamana.

Dai la sita: "Lala Xunpu, kwenye nyumba za chaza."

Xunpu ni kijiji cha wavuvi kando ya mlango wa mto. Wanawake wake hupamba nywele kwa mashada ya maua, na kuta za nyumba zimejengwa kwa maganda makubwa ya chaza. Wenyeji husimulia kwamba maganda hayo yaliletwa na majahazi kama farumi. Nenda ukakione, ila kwa asubuhi moja. Siku hizi kijiji kimejaa wanaokodi mavazi na kupigwa picha, na kutoka huko kila safari ya mjini inadai gari.

Tumia alasiri ya siku hiyo kwenda Lingshan, mashariki mwa mji wa kale, kwenye makaburi ya Waislamu wa mwanzo. Kuna jiwe linalokumbuka ziara ya Zheng He, amiri wa majini wa China, mwaka 1417, kabla ya msafara wake wa tano, uliofika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Watu wetu wachache mno wamesimama mbele ya jiwe hilo, na ushauri mbaya wa malazi umechangia, kwa kuwa anayekimbilia treni ya jioni hafiki Lingshan.

Lipo jambo zito kuliko urahisi. Mji wa kale unabaki hai pale wenyeji wanapoweza kuishi ndani yake, na kodi ya chumba ni riziki inayowasaidia kubaki. Watu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua hili: mtalii wa mchana huacha msongamano, anayelala huacha pesa kwa jirani wa dukani, wa chai na wa samaki. Quanzhou iliwahi kuwapa makazi wafanyabiashara kutoka bahari yote ya Hindi. Ukipanga chumba cha usiku miwili au mitatu baina ya Zhongshan na Tumen, kwenye nyumba iliyothibitisha kwamba itaisajili pasipoti yako, umeupa mji huo haki yake na safari yako thamani yake.