Dopamini si uchafu wa kuoshwa

Wasee, tuache kudanganyana. Kila wiki kuna mtu anauza "kufunga dopamini": zima simu siku saba, kaa tu, utarudi na bidii ya kusoma. Nilijaribu hiyo kabla niache chuo. Siku ya nane vitabu vilikuwa vizito vilevile.

Dopamini si sumu, wala si raha tupu. John Salamone, mtafiti wa Marekani, alipunguza dopamini kwenye ubongo wa panya. Njia zote zikiwa wazi, bado walifuata chakula kingi. Lakini akiweka kizuizi cha kupanda, walienda kwa kile kidogo kisicho na jasho. Hamu ya chakula ilikuwepo. Utayari wa kupanda ndio ulipungua.

Sasa wewe unataka kuimwaga, halafu upande na nini?

Simu ni ile njia isiyo na kizuizi, ndio maana inashinda kitabu. Basi iweke mbali, sawa, lakini pia punguza ukuta wa kazi: ukurasa mmoja leo, umalize. Kesho mbili.

Na huyo anayekuuzia siku saba bila simu, muulize tangazo aliliweka kwa simu ya nani.