Risasi yenye mbio ilivyoshindwa sokoni

BIASHARA matangazo, walisema wahenga. Lakini tangazo likilenga mteja asiyekuwapo, hata bidhaa bora hulala rafuni. Ushahidi mzuri uko Marekani, katika soko la bunduki na risasi za kuwindia kulungu na swala, ambako wanunuzi wengi huingia dukani na swali moja tu: ipi ina mbio zaidi?

Swali hilo lina msingi wake. Swala wa nyika za Wyoming (huitwa swala kwa mazoea tu, maana si wa ukoo wa swala wa Afrika) hukaa mahali peupe na huona mbali. Mwindaji mara nyingi humlenga akiwa umbali wa meta 200 au zaidi. Risasi ya .30-30, iliyoingia sokoni mwaka 1895, hutoka mtutuni kwa mwendo wa meta 730 hivi kwa sekunde, na kwa umbali huo huwa imeshuka sana. Ile ya .270 Winchester, ya mwaka 1925, hufikia meta 930 hivi na hushuka kidogo zaidi. Mtu akikosea kukadiria umbali, risasi ya polepole hupiga chini ya shabaha, mnyama akajeruhiwa na kwenda kufia mbali bila faida kwa yeyote.

Hata hivyo, mbio ni sifa moja tu ya bidhaa, na mwaka 1955 soko lilithibitisha hivyo. Mwaka huo viwanda viwili vikubwa vilitoa risasi mbili zilizokaribiana kama pacha. Winchester ilitoa .243 na Remington ikatoa .244. Vichwa vya risasi hizo vina kipenyo kimoja. Ganda la Remington lilikuwa na nafasi zaidi ya baruti, hivyo kwa kichwa cha uzito uleule lingeweza kuongeza mwendo kwa meta 40 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu ya mbio peke yake, Remington ndiyo iliyostahili kushinda.

Ilishindwa. Remington ilimlenga mtu anayepiga wanyama wadogo waharibifu mashambani, ikauza vichwa vyepesi vya gramu 4.9 na 5.8. Mtutu wake ulichongwa mifereji inayozunguka mara moja kila inchi 12, na mzunguko wa taratibu namna hiyo hautulizi vizuri kichwa kirefu na kizito. Winchester ilitumia inchi 10, ikauza kichwa chepesi cha gramu 5.2 pamoja na kizito cha gramu 6.5. Mlaji wa kawaida hakuwa na fedha za bunduki mbili. Alitaka moja ya kufukuzia waharibifu kiangazi na kumwangusha kulungu msimu wa baridi ukifika. Winchester ilimpa hiyo moja.

Remington ilisahihisha kosa baadaye. Ilibadili mzunguko kuwa inchi 9, na mwaka 1963 ikaibatiza risasi hiyo jina jipya, 6mm Remington. Bidhaa ikawa nzuri kwelikweli, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuhama. Leo .243 hupatikana karibu kila duka la uwindaji nchini humo, ilhali 6mm Remington imekuwa adimu.

Asidhani mtu kwamba Winchester ilikuwa na kinga. Mwaka 1958 ilitoa .264 Winchester Magnum, yenye mbio kubwa, kwa ajili ya nyika za magharibi. Ikapata sifa ya kula mtutu upesi. Mwaka 1962 Remington ilijibu kwa 7mm Remington Magnum, iliyotumia vichwa vya uzito wa aina nyingi zaidi, ikaliteka soko hilo. Na mwaka 2007 Hornady ilipotoa 6.5 Creedmoor, wanunuzi waliipokea kwa wingi ingawa hutoka mtutuni polepole kuliko .270. Kichwa chake ni kirefu, hukata upepo vizuri, na teke lake begani ni dogo.

Funzo kwa mnunuzi liko wazi. Bunduki hununuliwa mara moja, lakini risasi hununuliwa kila msimu. Anayehesabu bei ya bunduki na mwendo wa risasi tu amefanya nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni hii: viwanda vingapi vinatengeneza risasi hiyo, inauzwa katika maduka mangapi, na mtutu utadumu muda gani? Risasi zilipoadimika Marekani mwaka 2020 na 2021, wenye aina zisizo na wateja wengi ndio waliosubiri zaidi. Jina kubwa la kiwanda nalo si dhamana: Remington yenyewe iliomba kinga ya muflisi mwaka 2018 na tena mwaka 2020, ikauzwa vipande vipande.

Wapo watakaosema kwamba fundi anayejijazia maganda yake hahitaji duka. Ni kweli, na kwa mtu huyo 6mm Remington bado ni chombo cha thamani. Lakini hao ni wachache, na soko haliendeshwi na wachache.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania ingali inapokea wageni wawindaji. Mashirika mengi ya ndege hayamruhusu abiria kubeba zaidi ya kilo 5 za risasi. Mgeni mwenye risasi adimu, mzigo wake ukipotea njiani, hana pa kuazima kambini, na siku alizozilipia kwa dola zinapita bure.

Mfanyabiashara asiyewahi kushika bunduki naye anahusika. Kabla ya kuagiza mashine yoyote inayohitaji kulishwa, iwe ya kuchapa, kusaga au kushona, aulize kwanza chakula chake kinapatikana wapi, na kwa wauzaji wangapi. Mbio za mashine ziwe swali la pili.