Houston: mgeni amekuja, mwenyeji amepona

Atakaye kuisifu Marekani kama nchi ya watu wa kila asili hachelewi kulitaja jiji la Houston, Texas, na sifa hizo zina ushahidi. Sensa ya 2020 iliwahesabu ndani ya mipaka ya jiji watu 2,304,580, na hakuna kundi hata moja lililofikia nusu: Walatino walikuwa asilimia 44 hivi, wazungu wasio Walatino 24, weusi 22 na Waasia 7. Karibu watatu katika kila wakazi kumi walizaliwa nje ya Marekani. Lugha zinazozungumzwa majumbani humo na katika vitongoji vyake zinapita mia moja, na Kiswahili kimo, kimefikishwa zaidi na wakimbizi wa Congo waliopewa makazi katika mitaa ya kusini-magharibi mwa jiji. Hesabu hizo sizipingi. Ninachokipinga ni hitimisho linalotolewa kwa haraka, kwamba jiji lililochanganyika kiasi hicho limekwisha kuwa jiji la haki. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Houston mgeni amekuja na mwenyeji amepona kweli. Mgeni mwenyewe hajapewa haki yake, na sababu yake ni kwamba mchanganyiko ule uliletwa na soko la kazi na la nyumba, ilhali usawa huletwa na maamuzi ya umma, ambayo Texas imekuwa nzito kuyafanya.

Tuanze na namna watu walivyofika. Mwaka 1960 jiji hilo lilikuwa la wazungu na weusi, na Walatino wachache. Utajiri wake ulitokana na mafuta yaliyofumuka katika kisima cha Spindletop mwaka 1901 na mfereji wa meli uliofunguliwa mwaka 1914, ukalifanya jiji lililo mbali na bahari kuwa bandari kubwa. Mwaka 1965 Bunge la Marekani lilifuta mgawo wa uhamiaji uliowapendelea Wazungu wa Ulaya, na mlango ukafunguka kwa Asia na Afrika. Baada ya 1975 wakaja Wavietnamu waliokimbia vita. Kisha bei ya mafuta ikaporomoka. Kati ya 1982 na 1987 Houston ilipoteza ajira zaidi ya 200,000, na wazungu waliokuwa wakimiminika kutoka majimbo mengine wakaacha kuja. Tangu hapo ongezeko la watu limebebwa karibu lote na Walatino, Waasia na weusi. Mwanasosholojia Stephen Klineberg wa Chuo Kikuu cha Rice, aliyeanzisha uchunguzi wa kila mwaka wa maoni ya wakazi mwaka huohuo wa 1982, alijikuta anaandika kumbukumbu ya jiji linalobadilika sura mbele ya macho yake.

Mtaa wa Gulfton unaonyesha jambo hili kwa karibu kuliko takwimu yoyote. Katika miaka ya 1970 wenye mitaji walijenga pale maghorofa ya kupangisha, safu kwa safu, yenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za starehe, wakiwalenga vijana waseja wenye mishahara ya mafuta. Ajira zilipokufa vijana wale wakaondoka na vyumba vikabaki vitupu. Wenye nyumba wakashusha kodi, wakatangaza kwa Kihispania, na familia zilizokimbia vita vya El Salvador na Guatemala zikahamia. Chumba kilichojengwa kwa kijana mmoja kikabeba baba, mama, watoto na shangazi. Shule, zahanati na viwanja vya kuchezea havikuwemo katika ramani, kwa sababu aliyeijenga Gulfton hakutarajia mtoto. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kuwakaribisha watu wa Amerika ya Kati; kilichowakaribisha ni chumba kitupu na mwenye nyumba mwenye deni la benki. Ukarimu wa namna hiyo ni halali na umeokoa maisha, lakini una mpaka wake. Mwenye nyumba anahitaji kodi ya mwisho wa mwezi, wala hawajibiki kuhakikisha mtoto wa mpangaji atajua kusoma.

Sasa tazama uchumi. Baada ya mporomoko ule Houston ilijifunza kutotegemea mafuta peke yake. Bandari imekua, kituo cha NASA kipo, na Texas Medical Center ndilo eneo kubwa kuliko yote duniani la hospitali na utafiti wa tiba, lenye taasisi zaidi ya 60 na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Hata hivyo takwimu za 2018 hadi 2022 zinaonyesha kuwa kaya ya katikati jijini ilipata dola 60,000 hivi kwa mwaka, wakati kaya ya katikati ya taifa ilipata dola 75,000. Mkazi mmoja katika kila watano ni maskini kwa kipimo cha serikali. Na katika jiji hilo lenye hospitali za kupigiwa mfano, karibu mtu mmoja kati ya wanne wasiofikia miaka 65 hana bima ya afya. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Mama anayefagia wodi ya saratani usiku anaweza kuwa hana kadi ya kumwezesha kupimwa uvimbe wake mwenyewe. Serikali ya Texas imekataa kwa zaidi ya muongo kuipanua Medicaid, bima ya umma kwa wenye kipato kidogo, ingawa sehemu kubwa ya gharama ingelipwa na serikali kuu. Hali hiyo imetokana na uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubatilisha.

Wapo watakaojibu kwamba tofauti hizo zinatokana na elimu na bidii, wala si asili ya mtu. Watataja Wanigeria wa Houston, madaktari, wafamasia na wahandisi, na Wahindi wa kaunti jirani ya Fort Bend, ambako mwaka 2018 wapiga kura walimchagua KP George, mzaliwa wa Kerala, kuiongoza kaunti. Hoja hii ina uzito na magazeti yetu huipenda, kwa kuwa kila familia hapa kwetu hufurahia habari ya kijana wake aliyefanikiwa ughaibuni. Lakini tuulize mchujo ulifanyika wapi. Daktari wa Lagos aliyepata viza ya kazi alichujwa kabla hajapanda ndege: alikwisha kusomeshwa kwa fedha za wazazi wake na za nchi yake. Mkulima wa Honduras aliyevuka mto wa mpakani, au mjane wa Kivu aliyekaa kambini miaka mingi kabla ya kupewa makazi Texas, hakupita katika chujio hilo. Kuwalinganisha watoto wao na kusema mmoja ana utamaduni wa kazi na mwingine hana ni kuwaonea. Anayetoka alfajiri kumwaga zege juani mwezi wa Agosti hana upungufu wa bidii. Kama elimu ndiyo inayowatenganisha, basi elimu ya watoto wa hawa wa pili ndiyo kazi ya kwanza ya umma, na hoja ya mpinzani inarudi upande wangu.

Tena ipo ardhi, ambayo haiulizi cheti cha mtu. Houston ndilo jiji kubwa la Marekani lisilo na sheria ya kupanga matumizi ya ardhi. Wapiga kura waliikataa mwaka 1948, wakaikataa tena 1962 na 1993. Watetezi wa mfumo huo husema ndio uliofanya nyumba ziwe nafuu na wageni wapate pa kuingilia, na kwa kiasi fulani wana haki. Ila mtaa wenye uwezo hujilinda kwa masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja na kwa mawakili, na usio na uwezo hupokea kilichokataliwa kwingine. Mwaka 1979 mwanasosholojia Robert Bullard alipochunguza maeneo ya taka za jiji aligundua kuwa majalala yote matano ya manispaa yalikuwa katika mitaa ya weusi, na matanuri sita kati ya manane ya kuchomea taka vilevile, wakati weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi. Weusi hao si wageni, wengi ni wazao wa watumwa wa Texas ileile, jambo linaloonyesha kwamba kukaa muda mrefu peke yake hakumpandishi mtu. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipomwaga zaidi ya mita moja ya mvua, nyumba zilizofurika zilivunjwa kuta na kujengwa upya na vibarua, wengi wao Walatino wasio na hati za ukaazi, katika jimbo lisilomlazimisha mwajiri binafsi kuwakatia wafanyakazi bima ya ajali kazini. Mei 2021 ofisi ya ardhi ya jimbo ilitangaza mgawo wa kwanza, dola bilioni moja hivi, wa fedha za kukinga mafuriko. Jiji la Houston halikupata hata senti. Machi 2022 wizara ya nyumba ya serikali kuu ikatoa matokeo yake: vigezo vya mgawo vilikuwa vimewabagua weusi na Walatino. Wakaazi wa Houston walizama maji pamoja, lakini hawakukaushwa pamoja.

Pingamizi lingine ni la historia. Wairishi na Waitaliano nao walianzia vyumba vya kubanana, kazi chafu na dharau, na wajukuu wao leo ni majaji na wakurugenzi. Basi tuvute subira. Jibu ni kwamba hawakuinuliwa na subira. Waliinuliwa na viwanda vilivyomlipa asiye na cheti mshahara wa kujenga nyumba, na vyama vya wafanyakazi vilivyoutetea mshahara huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliwalipia askari waliorudi karo za vyuo na kuwadhamini mikopo ya nyumba. Texas ya leo ina vyama dhaifu vya wafanyakazi, na mitambo ya mafuta na maabara za tiba zinadai cheti mlangoni. Nao wanaosema kwamba watu wasingeendelea kuja kama pangekuwa pabaya wanathibitisha jambo dogo tu: Houston ni bora kuliko walikotoka. Mwanamke aliyekimbia bunduki za San Salvador au za Bukavu atashukuru kwa usingizi wa amani, na ni haki yake kushukuru. Kuifanya shukrani yake iwe hati ya kumsamehe tajiri wa mtaa wa River Oaks asilipe kodi ya shule ni jambo jingine.

Wenye mashaka zaidi husema serikali ikiingilia itaharibu kile kilicholifanya jiji listawi. Houston yenyewe imewajibu. Tangu 2011 hivi, jiji, kaunti na mashirika ya hisani yamefanya kazi kwa mpango mmoja wa kuwatoa watu barabarani: kwanza mtu apewe chumba chenye kufuli na kodi iliyolipwa, kisha ndipo yafuate matibabu, ushauri na kutafuta kazi. Idadi ya wasio na makazi ilishuka kwa zaidi ya nusu katika muongo mmoja uliofuata, huku miji tajiri zaidi ya pwani ya magharibi ikizidiwa na mahema. Wafanyabiashara hawakukimbia, na wahamiaji waliendelea kuja. Mpango ule ulikuwa na mwenye kuuwajibikia, bajeti, na meya baada ya meya aliyekubali kupimwa kwa matokeo yake. Hakuna kitu katika desturi za Houston kinachozuia mpango wa aina hiyo kwa bima au kwa mifereji ya maji ya mvua, isipokuwa kanuni ambazo wapiga kura na jimbo wamejiwekea, kama ile ya 2004 iliyoweka kikomo cha mapato ambayo jiji linaweza kukusanya kutoka kodi ya majengo hata linapokua.

Nimeacha shule mwisho kwa sababu hapo ndipo hesabu inapokuwa kali. Katika Kaunti ya Harris, iliyobeba sehemu kubwa ya jiji, zaidi ya nusu ya walio chini ya miaka 20 ni Walatino, huku wazungu wakiwa wengi miongoni mwa wastaafu. Mfuko wa pensheni wa kizazi kimoja utajazwa na mishahara ya kizazi kingine chenye ngozi na lugha nyingine, na mishahara hiyo itategemea darasa la leo. Katika wilaya ya shule za Houston, kubwa kuliko zote Texas, karibu wanafunzi 8 katika kila 10 wanatoka familia zinazohesabiwa kuwa na kipato duni. Juni 2023 jimbo liliiweka kando bodi iliyochaguliwa na wananchi na kuteua ya kwake. Watoto wasio na hati wamo madarasani humo kwa sababu mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotokea Texas hukohuko, ilikataza kwa kura tano kwa nne kuwafungia shule za umma. Mwaka 2001 wabunge wa Texas wenyewe walikwenda hatua mbele, wakawaruhusu vijana hao waliokulia jimboni kulipa vyuoni karo ya mkazi. Juni 2025 serikali kuu ilipoishtaki sheria hiyo, Texas haikuitetea: ilikubali ifutwe, na jaji akaifuta siku hiyohiyo. Kijana aliyeletwa Gulfton akiwa mchanga, akasoma miaka 12 kwa kodi za watu wa Houston, sasa anatozwa karo ya mtu wa nje, ambayo katika vyuo vingi hupita mara mbili ya karo ya mkazi. Jimbo limekwisha kulipa sehemu kubwa ya gharama ya kumsomesha. Kilichobaki ni miaka minne ya kumfanya muuguzi au mhandisi, na hiyo ndiyo miaka ambayo jimbo limechagua kumnyima.