Maji ya rangi ya chai yanakula klore yetu



Katika vijiji vingi vya kando ya Ziwa Kivu na kwenye milima ya juu yake, tunasikia neno moja: «Klore haina nguvu tena.» Watu wanatia dawa katika bidoni, wanangoja, wanakunywa, na watoto wanaharisha vilevile. Wengine wanasema dawa imezeeka, wengine wanasema wauzaji wameizimua na maji sokoni. Mara nyingine ni kweli, maana klore inapoteza nguvu ikikaa juani au katika chupa isiyofungwa vizuri. Lakini kuna sababu nyingine ambayo watu hawaitaji, na sehemu kubwa ya sababu hiyo inatoka kwetu sisi wakulima: katika vituo vyetu vya kuoshea kahawa, katika mihogo tunayoloweka, katika mabonde ya mafunjo tunayoyachimbia mifereji. Tunataka kuisema wazi mbele ya msimu wa kahawa, hata kama hairuki masikioni kama muziki.

Chota maji ya bonde katika glasi, uyaache usiku mzima. Asubuhi utaona udongo umeshuka chini. Rangi ya chai, hiyo haishuki. Pitisha maji yale katika kitambaa, hata mara nne, rangi inapita pamoja na maji. Ni sawa na sukari ndani ya chai: huwezi kuikamata kwa kitambaa juu imeyeyuka. Kitu kilichoyeyuka pale ni mabaki ya majani, mizizi, majani ya mafunjo yaliyooza, maganda, utomvu. Wataalamu wanaita kaboni ya asili ya viumbe iliyoyeyuka. Wao wanapitisha maji katika chujio lenye matundu madogo kupita nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimeta, na kaboni inayopita pale wanaihesabu kwa miligramu katika litre. Chemchemi nzuri ya mlimani mara nyingi haifiki hata miligramu 2. Mto wa kawaida una chache. Maji ya bonde lenye mafunjo au msitu wenye maji yanaweza kufika makumi. Ndugu zetu wa Mbandaka wanajua mto Ruki unaoingia katika mto Kongo pale kwao: ni mmoja kati ya mito myeusi zaidi duniani, na weusi ule si uchafu wa kiwanda, ni msitu wenyewe ulioyeyuka ndani ya maji.

Kwa hiyo rangi peke yake si sumu. Wazee wamekunywa maji ya rangi na wakaishi. Shida inaanza pale tunapotia klore.

Klore haina macho. Haichagui mdudu wa kolera na kuacha utomvu wa majani. Inashika chochote kinachoweza kuungua nacho, na kaboni hii iliyoyeyuka ni chakula chake cha kwanza. Ukitia miligramu 2 za klore katika litre moja ya maji meupe ya chemchemi, kiasi kizuri kinabaki cha kulinda bidoni mpaka kesho. Ukitia kiasi kilekile katika maji ya rangi ya chai, kaboni inaweza kuimaliza yote kabla ya nusu saa. Mdudu anabaki. Mama anaamini maji yametiwa dawa, na kumbe dawa imekufa njiani. Shirika la Afya Duniani linataka baada ya dakika 30 klore inayobaki huru iwe walau nusu miligramu katika litre. Kile kinachobaki ndicho kinachokinga nyumba, si kile kilichomiminwa.

Hapa tuna neno na mashirika yanayogawa chupa za klore, na sisi tumo katika dunia hiyohiyo ya mashirika. Kugawa chupa yenye kipimo kimoja kwenye karatasi yake, kwa vijiji vyote, kana kwamba maji yote ni ndugu mapacha, tunaona ni kazi ya nusu. Maji ya chemchemi ya Idjwi na maji ya bonde la chini ya kituo cha kahawa hayawezi kula kiasi kimoja. Kipimo kinatafutwa pale pale kwenye maji, na si kazi ngumu. Chukua bidoni nne za litre 20 zenye maji yaleyale. Tengeneza maji ya klore ya asilimia 1. Kwa bomba la sindano, tia mililitre 3 katika bidoni ya kwanza, 4 katika ya pili, 6 katika ya tatu, 8 katika ya nne. Hiyo mililitre 4 ndiyo inayotoa miligramu 2 katika litre. Funga, tikisa, ngoja dakika 30, pima kwa kile kisanduku cha vidonge kinachogeuza maji kuwa rangi ya waridi. Bidoni yenye nusu miligramu iliyobaki ndiyo inakuonyesha kipimo cha maji yale. Mvua ikibadilisha rangi ya mto, rudia. Na ikiwa hata ile ya nne haibakizi kitu, usiendelee kumimina: maji yale yanahitaji kusafishwa rangi kwanza, au yaachwe.

Wale wanaochota ziwani wana jambo lao. Kila mara wanatuuliza: «Hii ziwa iko na gesi chini, na sisi tunaikunywa?» Ni kweli Kivu ina gesi nyingi iliyoyeyuka, karibu kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni na karibu 60 za metani. Tunajua pia mambo ya ziwa Nyos kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gesi ya kaboni ilipotoka usiku na kuua watu karibu 1.700. Lakini gesi ya Kivu imelala chini sana, imekandamizwa na uzito wa maji, na bidoni yako inachotwa juu kabisa. Kaboni inayokuhusu wewe mchotaji wa ukingoni ni ya aina nyingine, ile inayoacha ukoko mweupe katika birika. Inafanya maji ya Kivu kuwa makali kidogo, pH karibu 9, na katika maji ya namna hiyo klore inafanya kazi polepole. Dakika 30 ni kidogo kwa maji ya ziwa. Ngoja saa moja au kupita, hata kama watoto wana kiu na foleni inapiga kelele.

Sasa kahawa.

Katika kila kilo 100 za matunda mekundu tunayoleta kituoni, karibu kilo 40 ni maganda. Juu ya mbegu kuna tena ule utelezi mtamu, tunauchachisha, tunauosha, unaenda na maji. Ni sukari na utomvu, vyote kaboni, na vyote vinayeyuka. Maji machafu ya kituo cha kahawa yanaweza kuwa na nguvu ya uchafu mara kumi na zaidi ya maji machafu ya nyumba za watu. Yanaingia kijitoni. Vijidudu vya mtoni vinafurahi, vinakula ile sukari, na kwa kula vinamaliza pumzi yote iliyomo majini. Samaki wadogo wanaelea. Harufu inapanda. Na chini, kilometa moja au mbili, kuna mama anachota bidoni, anatia klore kama alivyofundishwa na kituo cha afya, na ile klore inakufa katika maji ya kahawa yetu.

Tunasikia jibu: «Ni matunda tu, si sumu ya kiwandani.» Ndiyo, ni matunda. Lakini kolera haihitaji sumu. Inahitaji tu klore imalizike mapema. Nchi hii ya Kivu haihitaji kufundishwa kolera ni nini. Mwaka 1994, kule Goma, kolera na kuhara damu viliua wakimbizi makumi ya maelfu kwa majuma machache, na tangu pale kolera haijawahi kututoka kabisa.

Jibu la pili lina uzito zaidi, na tunaliheshimu: «Nani atalipa?» Mnunuzi anaonja kahawa kikombeni, haonji mto. Koperative yenye deni la benki na mashini ya kumenya inayodai vipuri haina franka za kuchezea. Tunajua. Lakini tuhesabu vizuri. Kazi kubwa ya kwanza ni majembe na mikono, si saruji. Maganda yasipitishwe mferejini na maji hata kidogo. Yabebwe makavu kwa toroko, yawekwe kwenye shimo la mboji, na baada ya miezi yarudi shambani. Leo tunatupa mtoni mbolea, kesho tunanunua mbolea mjini. Pili, maji ya kumenyea yazungushwe, yatumiwe tena siku ile ile kabla ya kumwagwa, ili yawe machache. Tatu, hayo machache yaingie katika mashimo mawili au matatu yanayofuatana, yatulie, yatiwe chokaa kidogo kwa sababu ni machachu kama limao, halafu yaishie kwenye ardhi yenye majani ya vetiva, mbali na mto na mbali na chemchemi. Kituo ambacho kimejengwa juu kabisa ya mahali pa kuchota, hapo hakuna hila. Ni kuhamisha bomba la watu lipande juu ya kituo, na gharama hiyo ni ya koperative, si ya kijiji.

Mihogo vilevile. Hakuna mtu atatusikia tukisema acheni kuloweka mihogo. Mihogo michungu iliyolowekwa siku moja tu badala ya tatu au nne inabaki na sianidi, na tunajua konzo inavyokata miguu ya watoto na mama kule wanakofupisha siku kwa sababu ya njaa. Loweka siku zote zinazohitajika. Lakini loweka katika pipa au kisima kidogo kilichochimbwa pembeni, chini ya mahali pa kuchota, na maji yale yanayonuka yamwagwe kwenye migomba. Mgomba haulalamiki.

Na mabonde: kila mfereji tunaochimba kukausha mafunjo unafungua ghala. Majani yaliyolala pale miaka na miaka bila kuoza yanapata hewa, yanaoza, na rangi inashuka mtoni. Wanaotaka viazi vya bondeni waache walau ukanda wa mafunjo kando ya mto. Zaidi ya hapo hatusemi kitu, maana ardhi ni chache na njaa inasema kwa sauti kubwa kupita sisi.

Kwa yule ambaye leo hana maji mengine ila ya rangi ya chai, afanye nini? Vile vifuko vya unga vinavyokusanya uchafu na kutia klore pamoja vinasaidia, kwa sababu vinavuta sehemu ya ile kaboni ishuke chini kabla klore haijamalizika. Fuata maandiko, koroga, ngoja, chuja. Alun nayo inavuta rangi. Mbegu za mronge zilizotwangwa, ambazo zimesifiwa sana katika mafunzo, zinashusha udongo vizuri, ni kweli, lakini zenyewe zinaongeza kaboni yao ndani ya maji. Maji yale yanaoza upesi, yasilale siku mbili. Chupa za plastiki juani ni kwa maji meupe tu, rangi inazuia jua kupenya. Kuchemsha kunaua mdudu hata katika maji meusi, lakini kunakula kuni, na kuni nazo tunazijua bei.

Kuna watu waliosoma mahali fulani kwamba klore ikikutana na majani yaliyoyeyuka inazaa vitu vinavyoleta kansa, wanawatisha wengine waache klore. Si uongo wote. Tangu mwaka 1974, pale Rotterdam, ilijulikana kwamba klore na kaboni ya majini vinazaa kloroformi na ndugu zake. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa kloroformi: miligramu 0,3 katika litre. Shirika hilohilo linasema usiache kuua wadudu kwa kuogopa vitu hivi, juu hatari ile ni ndogo na ya mbali, na kolera inaua kwa saa chache. Anayetaka kupunguza yote mawili ana njia moja: kaboni itolewe kabla ya klore, au isiingie majini toka mwanzo. Tunarudi palepale, kwenye kituo cha kahawa.

Msimu mkubwa unaanza mwezi wa tatu. Tunaomba kila kamati ya koperative iweke jambo hili katika mkutano mkuu kabla ya hapo, na iwaite wale wanaochota maji chini ya kituo, hata kama si wanamemba, wakae na kusema. Wakati wa kuchimba mashimo ni huu, udongo ukiwa bado laini na vijana hawajaingia kwenye mavuno. Anayetaka mchoro wa mashimo na kipimo cha chokaa amuombe agronomu wetu anapopita, mchoro haulipishwi.