Kibaba cha Mwenye Duka

Mwenyeji wa Mtwara aishiye Dar es Salaam hapandi ndege kwa anasa. Barabara ya kusini ni ndefu, yapata kilomita 560. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza adha ya kusubiri pantoni katika Mto Rufiji; hata hivyo, mvua za Mei 2024 ziliikata tena njia hiyo mkoani Lindi. Ndiyo maana mtu wa Mikindani au Msimbati, akipata habari ya msiba, hujikaza akalipa nauli ya ndege ili afike kwa muda wa saa moja hivi.

Abiria kama huyo hushawishiwa ajiunge na mpango wa zawadi. Air Tanzania imeuita wake Twiga Miles. Kila asafiripo huandikiwa pointi, nazo zikitimia kiasi kilichowekwa hupata tiketi au nafuu nyingine. Jambo hili si baya, na kujiandikisha ni vema. Kosa ni kuzihesabu pointi hizo kuwa akiba ya nyumba.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Shirika la American Airlines lilianza mpango wake mwaka 1981, likihesabu umbali aliosafiri abiria. Mwaka 2015 mashirika ya Delta na United yalianza kuhesabu fedha alizolipa badala ya umbali, na American ikafuata mwaka 2016. Mwenye tiketi ya bei nafuu, hata akienda mbali, akaambulia kidogo. Masharti yalibadilika, naye hakuwa na la kusema.

Basi, baba na mama wa nyumba, kabla ya kununua tiketi ulizeni mambo matatu. Je, tiketi ya bei nafuu inahesabiwa? Pointi zinakufa baada ya muda gani? Safari ya Mtwara, iliyo fupi, itahitaji kurudiwa mara ngapi hata zawadi ipatikane? Anayekwenda kwao mara moja au mbili kwa mwaka huenda pointi zikamfia mkononi. Kwake yeye, nauli iliyo ndogo leo ndiyo zawadi ya hakika. Asilipe zaidi kwa kufuata pointi. Aliyekwisha kuzipata azitumie mapema.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapa kibaba ni cha mwenye duka, naye aweza kukibadili kabla hakijajaa.