Gari la Marehemu Lisipowaka



Swali la wiki hii limetufikia kutoka Rongo, katika kaunti ya Migori, kwa mama aliyefiwa na mumewe akabaki na watoto watatu, mmoja wao wa kiume. Marehemu ameacha Peugeot 504 ya petroli iliyokuwa ikienda vizuri hadi mvua za masika ziliponyesha. Sasa ufunguo ukizungushwa, injini huzunguka lakini moto haushiki. Mnunuzi mmoja amesema nyaya zote zimeungua, naye yu tayari kulichukua gari kwa bei ya chuma chakavu. Mama auliza: je, auze?

Jawabu letu ni kwamba asiuze kabla gari halijapimwa. Gari hilo ni mirathi. Yakishatolewa maziko, madeni na wasia, fungu la mke ni thumni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Wazazi wake, ikiwa wako hai, wana mafungu yao, na kinachosalia ni cha mayatima. Sura ya An-Nisaa imeonya vikali juu ya kula mali ya yatima. Basi anayeisimamia mali hiyo hana budi kuijua thamani yake kabla ya kuitoa mkononi.

Tena 504 si gari la kudharauliwa. Lilianza kuundwa mwaka 1968, likaunganishwa pia hapa Kenya, na likashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Aghalabu mfumo wake wa kuwasha moto ni wa pointi, hauna kompyuta, na waweza kufahamiwa na yeyote mwenye subira.

Umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri, hupita swichi ya ufunguo, huingia koili kwa upande wa chanya, kisha hutokea upande wa hasi kwenda kwenye pointi zilizomo ndani ya distribyuta. Kila pointi zinapofunguka, koili hutoa umeme wa maelfu ya volti, nao hugawiwa plagi moja baada ya nyingine. Starta ina njia yake mbali. Kwa hiyo injini inayozunguka yatuambia kwamba betri ina nguvu, na neno la kuwa "nyaya zote zimeungua" halijathibiti.

Fundi mwaminifu huanza na taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja hushikizwa kwenye chuma cha injini, na ufunguo huwashwa. Wa pili hugusishwa chanya ya koili. Taa isipowaka, umeme umekatika kabla ya kufika hapo: huenda ni kiungio chenye kutu, waya uliogugunwa na panya, au swichi yenyewe.

Taa ikiwaka, waya huhamishiwa hasi ya koili huku mtu mwingine akiizungusha injini. Hapo taa yapasa kuwaka na kuzimika kwa kupokezana. Ikibaki imewaka tu, pointi hazifungi, au ni chafu, au waya wa kwenda kwenye distribyuta umekatika. Isipowaka kabisa, koili imekatika ndani, au pointi hazifunguki, au kondensa ama waya mwembamba umegusa chuma. Ikipokezana vyema na moto bado haushiki, kifunguliwe kifuniko cha distribyuta. Baada ya mvua, unyevu hujificha humo na kwenye nyaya nene za plagi, na pengine kitambaa kikavu ndicho dawa yote.

Tahadhari ni lazima. Nyaya nene zisishikwe kwa mkono injini inapozunguka, wala cheche isijaribiwe karibu na petroli. Kabla ya kuunga waya, hasi ya betri ivuliwe. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya, kwani kufanya hivyo ni kualika moto.

Mama wa Rongo, mwite fundi wa umeme wa magari asiye na uhusiano na mnunuzi, nawe usimame karibu pamoja na ndugu unayemwamini. Mwombe akuonyeshe taa inawaka wapi na inazimika wapi. Patanani ujira kabla ya kazi, na kila kifaa kilichobadilishwa urudishiwe cha zamani. Si aibu kwa mwanamke kuuliza. Amana ndiyo inayokutaka uulize. Gari likishawaka, watafutwe wanunuzi zaidi ya mmoja, na bei iandikwe mbele ya warithi.

Na kwa mnunuzi, twamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza ghishi. Anayejua kuwa dosari ni ndogo, kisha akaikuza mbele ya mjane ili ashushe bei, faida yake haina baraka.

Allah amrehemu marehemu na awalinde watoto wake. Wallahu a'lam.