Chungu cha Risasi Kisirudi Jikoni

MTU akisimama leo Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mbele ya tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ataona mlango wa nakshi ambao sisi watu wa visiwani tutautambua mara moja kuwa ni ndugu wa milango yetu ya Mji Mkongwe. Mtindo huo haukufika huko kwa bahati. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, ilikuwa ndiyo mkono wa Unguja ulionyooshwa bara. Kwa njia hiyo zilikwenda nguo, shanga, bunduki, baruti na risasi. Na kwa njia hiyo hiyo zilirudi pembe za ndovu pamoja na binadamu wenzetu waliofungwa minyororo. Hatuyasemi haya kwa kujivuna.

Vita baina ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara wa Tabora vilipoanza mwaka 1871, silaha kubwa ya pande zote ilikuwa gobore, na gobore haliendi bila risasi. Madini hayo yalichukuliwa kichwani na mabegani kwa mamia ya maili, yakayeyushwa chunguni na kumiminwa katika kalibu. Yalikuwa adimu kiasi kwamba watu wa Msiri, yule Mnyamwezi aliyekwenda kutawala Katanga, walitumia risasi za shaba. Kwa hiyo mwenye kusubu risasi alikitunza chungu chake. Chungu kichafu humpa mtu risasi yenye matundu, nacho hupoteza madini mengi katika taka.

Vita hivyo vimekwisha. Mwenye kutaka kumiliki silaha leo ana sheria ya kumwongoza, nasi hatuandiki haya ili kumfundisha mtu kusubu risasi za gobore. Tunaandika kwa sababu chungu kile kimebaki, na sasa kiko kwetu, katika madiko yetu. Mvuvi huyeyusha risasi ili apate vyubwi vya mshipi na vizito vya nyavu. Fundi huyeyusha mabamba ya betri kuukuu za magari. Kazi hiyo ni ya halali, na samaki tunaokula wanatokana nayo. Lakini tumeona kwa macho yetu, katika diko moja ambalo hatutalitaja, sufuria iliyoyeyushiwa risasi asubuhi ikisuguliwa kwa mchanga adhuhuri na kuinjikwa muhogo jioni, huku watoto wakichezea vipande vinavyong'aa palepale mavumbini.

Lugha yetu ina neno moja, risasi, kwa madini yenyewe na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Huenda ndiyo sababu tunadhani kuwa risasi huua inapopigwa tu. La hasha! Risasi huua hata ikiwa imelala chunguni. Vumbi lake huingia mwilini kwa mikono, kwa chakula na kwa pumzi, likajificha mifupani kwa miaka mingi. Mama mjamzito huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo unaweza kunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Dalili zake hudanganya: tumbo kuuma, choo kuwa kigumu, upungufu wa damu, kichwa kuuma, mtoto kuwa mzito wa kufahamu masomo. Mara ngapi tumemlaumu mwalimu, au tumemchapa mtoto, kumbe mkosa ni sufuria?

Asidhani mtu kuwa tunatishia watu. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, mji wa wavuvi kama sisi, iligunduliwa mwaka 2008 kuwa watoto 18 walikuwa wamekufa kutokana na risasi ya betri kuukuu zilizovunjwa mitaani. Jirani zetu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaithibitisha haki yao mwaka 2024. Fedha ni haki yao, lakini hakuna fedha inayomrudishia mtoto akili aliyonyang'anywa.

Basi mwenye kuyeyusha afanye nini? Kwanza, awe na chungu cha chuma kizito kilicho cha kazi hiyo tu, akitie alama, na akiweke mbali na jiko. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuwa chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, nacho kikatahirika. Hatutoi fatwa, lakini kwa upande wa afya, chungu cha risasi hakirudi kuwa cha chakula hata kikioshwa mara sabini.

Pili, ayeyushe nje, upepo ukimpiga mgongoni, wala watoto wasikaribie. Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327. Chungu kikianza kuwa chekundu, moto umezidi na mvuke wa sumu unaongezeka. Vizito vikuukuu vilivyotoka baharini vikaushwe kabisa kabla ya kutiwa, kwani tone moja la maji likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni mwa mtu.

Tatu, usafi wenyewe. Hapa Tabora inatufaa tena, kwa kuwa misitu yake ya miombo ni maarufu kwa asali na nta. Kipande cha nta ya nyuki kiasi cha punje ya kunde kikitiwa katika risasi iliyoyeyuka na kukorogwa kwa upawa mrefu wa chuma uliokauka, hurudisha sehemu ya utando wa kijivu kuwa madini safi, na taka hupanda juu. Mtu asisogeze uso, maana moshi wa nta huweza kushika moto. Kisha akwangue kuta na kitako cha chungu wakati risasi ingali majimaji, kwa kuwa mchanga hung'ang'ania chini kama ukoko wa wali. Taka zienguliwe na kutiwa katika kopo la bati lenye kifuniko. Zisimwagwe shambani, kisimani wala pwani. Chungu kikishapoa kisisuguliwe kikavu kwa brashi ya waya, wala sakafu isifagiwe ikiwa kavu. Vumbi hilo ndilo sumu yenyewe. Pafutwe kwa kitambaa chenye maji, na chungu kihifadhiwe kikiwa kimefunikwa mahali pakavu kisije kikashika kutu.

Mwisho, mtu aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mwanawe, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Hayo ni ya mwananchi. Je, viongozi? Tusifichane. Tumekuwa hodari wa kufungua semina, lakini mvuvi aliye dikoni hajaletewa hata kopo la kutilia taka. Hatuwezi kumkataza mtu kumwaga taka pwani bila ya kumwonyesha pa kuzipeleka. Tunapendekeza kila diko kubwa liwe na banda moja la kuyeyushia, lililo wazi pande zote na mbali na makazi. Masheha, wakishirikiana na maofisa wa uvuvi na wa mazingira, wapange siku ya kukusanya betri kuukuu na taka za risasi. Hospitali nazo ziwezeshwe kupima risasi katika damu, kuanzia kwa watoto wa madiko na wa mafundi.

Jambo hili halihitaji mabilioni. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya kule Bara, wananchi walikusanyika vikundi vikundi mbele ya redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Yaliyowezekana kwa choo yatawezekana kwa chungu.

Zamani risasi ilitoka kwetu ikaenda kuua bara, na waliofaidika hawakuwa wale walioibeba. Leo imekaa majumbani mwetu wenyewe. Usiku huu, kabla ya kuinjika chakula, kila mwenye nyumba aitazame sufuria yake na aulize imetoka wapi.